Kiwavi Usiyemjua: Soma Kichwa, Kisha Mkia

Usimkanyage kwanza. Najua mguu unakuwasha, na mtu aliyepanda ekari nzima kwa mbegu ya kununua hana huruma na kiwavi. Lakini kiwavi aliyepondwa hana alama tena. Amebaki uji wa kijani kwenye soli ya kiatu, na yeyote utakayemwuliza hapa mjini Wote, Makueni, uji huo ni wa nani atakujibu kwa kukisia. Wa agroveti naye atakisia, ila yeye atakisia huku akikufungia chupa ya dawa. Kwa hiyo tafuta mkebe, mtie mdudu humo akiwa hai pamoja na kipande cha jani alilokuwa akila, kisha ukae naye kivulini kwa dakika kumi.

Msimu wa kazi hii tunaujua. Ukambani mvua ya kutegemea ni ya vuli. Anayewahi hupanda Oktoba ardhi ikiwa bado kavu, mahindi, kunde na ndengu huchomoza Novemba, na wiki mbili tatu baadaye watu huanza kubeba majani yaliyotoboka hadi mjini, wakiyanyoosha mbele ya kila anayeonekana kuwa na elimu ya shamba. Nimeulizwa sana. Na karibu kila mara anayeuliza huanza na rangi: "Mwalimu, ni yule wa kijani. Ni sumu?"

Rangi ndiyo inayotupoteza. Chukua kiwavijeshi wa Afrika, yule wa siku nyingi ambaye wazee wanamkumbuka akivuka njia kwa maelfu baada ya mvua za kwanza. Akikulia peke yake kwenye nyasi huwa wa kijani au kahawia hafifu, wala hutamtazama mara mbili. Akikulia kwenye msongamano hugeuka mweusi mgongoni, mweusi wa mahameli. Wote wawili wanaweza kuwa wametoka kwenye kichane kimoja cha mayai. Kiwavi wa viazi vitamu naye anapatikana kwa kijani na kwa kahawia, shamba lilelile, siku ileile. Rangi hubadilika kwa umri, kwa chakula na kwa wingi wa wenzake. Iandike, lakini usiiamini peke yake. Kinachokaa mahali pake ni alama: nukta, mistari, pembe, na jinsi vilivyopangwa kwenye pingili.

Na kabla ya alama, kuna mambo mawili ya haraka yatakayokupunguzia kazi.

La kwanza ni mmea. Viwavi wengi ni wachaguzi wa chakula kuliko watoto wetu. Ukimkuta kwenye jani lililoliwa, jina la mmea huo ni nusu ya jibu. Ukimkuta ukutani au njiani anatembea kwa haraka, huenda ameshiba na anatafuta mahali pa kujizika, basi angalia mimea iliyo karibu. La pili ni miguu. Mgeuze taratibu. Kiwavi wa nondo ana miguu sita ya kweli, midogo, yenye ncha, hapo nyuma ya kichwa. Katikati ya mwili ana miguu ya bandia, minene na laini, jozi nne kwa wengi wao, na jozi moja ya mwisho mkiani. Akiwa na jozi moja tu katikati na moja mkiani, atakuwa yule anayetembea kwa kujikunja na kujinyoosha, kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri. Akiwa na jozi sita au zaidi za miguu ya bandia katikati, huyo si wa nondo wala wa kipepeo, ni mtoto wa aina fulani ya nyigu wala majani. Na akiwa hana mguu hata mmoja, kama yule unayemkuta ndani ya embe la Makueni lililooza upande mmoja, ni buu wa nzi. Nzi wa maembe aliyetoka Asia alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na amewagharimu wakulima wetu fedha nyingi, lakini mwongozo huu haumhusu.

Sasa tumtazame aliyekuleta.

Herufi usoni, mraba mkiani

Kama umemtoa kwenye moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapojikunja kama faneli, na ukakuta humo uchafu wenye unyevu unaofanana na unga wa mbao chini ya msumeno, mshukiwa wa kwanza ni kiwavijeshi vamizi. Jina lake la kitaalamu ni Spodoptera frugiperda. Asili yake ni mabara ya Amerika. Alithibitishwa magharibi mwa Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa ameshafika Kenya, akaanza kuripotiwa magharibi mwa nchi kisha akashuka huku kwetu kana kwamba alikuwa na tiketi ya basi.

Msafishe kwanza. Alama zake hufunikwa na kinyesi chake mwenyewe, na vumbi letu jekundu humaliza kazi. Tone moja la maji na unyoya wa kuku vinatosha. Mlaze kwenye karatasi nyeupe, umtazame usoni, si mgongoni. Katikati ya kichwa cheusi au kahawia utaona mistari myembamba ya rangi hafifu, nyeupe au manjano, imekutana ikawa herufi Y iliyopinduliwa: mguu mmoja wa herufi umeelekea mwilini na mikono miwili imeshuka kuelekea mdomoni. Jua likiwa kali, mkingie kwa kiganja. Mng'ao wa kichwa huficha mistari hiyo.

Wengi wakishaiona Y wanapiga kelele na kukimbilia pampu. Ngoja. Kiwavijeshi wa Afrika naye ana mchoro hafifu unaofanana na huo, na jamaa zake wengine pia. Y ni ushahidi wa kwanza tu. Sasa nenda mkiani. Hesabu pingili kutoka mwisho, simama kwenye ya pili. Hapo utafute nukta nne nyeusi, kubwa kuliko nyingine zote mwilini, zimekaa kama pembe za mraba, au kama tundu za kifungo cha shati. Kila nukta ina unywele mmoja mfupi. Kisha panda pingili moja juu yake ulinganishe: huko nukta nne zipo pia, lakini ndogo zaidi, na mbili za mbele zimekaribiana kuliko mbili za nyuma, kwa hiyo umbo si mraba. Tofauti hiyo ya pingili mbili zinazofuatana ndiyo inayomfunga. Y usoni pamoja na mraba mkiani ni kiwavijeshi vamizi, awe kijani, kahawia au karibu mweusi. Mistari mitatu myembamba ya mgongoni huongezea uhakika, ila usianze nayo.

Kuna hali moja ambapo haya yote hayatakusaidia, nayo ni utoto. Akiwa ametoka yaini juzi, ni uzi wa kijani wenye kichwa cheusi, na Y haijachoreka. Hapo usome jani. Wachanga hukwangua upande mmoja wa jani na kuacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, jani linakuwa na vidirisha. Wakikua hutoboa kabisa, na mhindi unaweza kuwa na mashimo yaliyojipanga kwa mstari, kwa kuwa aliuma jani likiwa bado limekunjwa. Pia wakubwa hulana. Ndiyo maana kwenye moyo mmoja wa mhindi kwa kawaida unamkuta bwana mkubwa mmoja peke yake. Ukikuta mimea kumi ina mkubwa mmoja mmoja, hiyo ni tabia yake. Ukikuta mia wanakula ubavu kwa ubavu kwenye nyasi na mahindi, mchana kweupe, kisha wanahama pamoja, hao ni viwavijeshi wa Afrika. Mweusi juu, mistari hafifu ubavuni, tumbo la kijani au manjano, bila mraba mkiani. Huyo usimweke chupani ukakaa, piga simu siku hiyohiyo, kwa sababu wanaweza kumaliza shamba kabla ya mwisho wa wiki.

Wanaofanana naye

Pasua bua. Kama kiwavi yuko ndani ya bua lenyewe, mwili wa rangi ya maziwa au waridi hafifu, kichwa cha kahawia, na madoa meusi yamejipanga kwa safu mgongoni kutoka mbele hadi nyuma, huyo ni bungua wa mabua mwenye madoa, Chilo partellus. Naye ni mgeni, alitoka Asia miaka mingi iliyopita, na anapenda nchi za joto kama hizi zetu za chini kuliko baridi ya Mbooni. Hana Y ya kukutia shaka. Kumtofautisha na kiwavijeshi kuna faida ya mfukoni: bungua akishaingia buani, dawa unayopulizia majani haimfikii, umewalipa wa agroveti bure.

Na ukipasua bua ukakuta kirundo cha vifukofuko vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele, kando ya kiwavi aliyenyauka, lirudishe bua hilo shambani. Hao ni watoto wa nyigu mdogo aliyetaga ndani ya bungua. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, Nairobi, kilimleta mmoja wao kutoka Asia na kumwachia Pwani mwaka 1993 kwa kazi hiyohiyo.

Kwenye ndengu, mbaazi, nyanya au pamba, ukikuta kiwavi ameingiza kichwa ndani ya ganda au tunda na kuacha nusu ya mwili nje, fikiria funza wa vitumba. Rangi zake hazina mwisho: kijani, waridi, kahawia, njano. Tafuta mchirizi mweupe mpana ubavuni, kisha mpitishie kidole. Ngozi yake ina vimiiba vidogo sana na inakwaruza kidogo, wakati ya kiwavijeshi vamizi, ijapokuwa huonekana kama ina chembechembe, huteleza. Kwenye kunde, maua yakiwa yamefumwa pamoja kwa nyuzi, fumbua: kiwavi mdogo mweupe mwenye nukta nyeusi mbilimbili kila pingili ni Maruca, adui wa maua na maganda ya kunde.

Mwenye pembe

Huyu ndiye anayewakimbiza watoto. Ni mnene kama kidole gumba, amesimamisha pembe mkiani, na uvumi wa kijijini unasema pembe hiyo inadunga. Haidungi. Ni nyama tu. Mama mmoja jirani yangu aliwahi kunyunyiza dawa shamba zima la viazi vitamu kwa sababu ya viwavi watatu wenye pembe. Dukani aliambiwa ni wa sumu. Angewaokota kwa mkono kabla chai haijachemka.

Pembe mkiani inakuambia ni mtoto wa nondo wale wakubwa wenye kasi, wanaozunguka maua magharibi kama ndege. Ili ujue ni yupi, soma mbavu. Kwenye viazi vitamu, michirizi ya mshazari ubavuni, mmoja kila pingili, ni ya Agrius convolvuli. Ukichimba chini ya matuta baadaye utampata amekuwa pupa wa kahawia mwenye mkono uliopinda mbele kama mpini wa jagi. Ndani ya mpini huo ndimo unamoundwa mrija wake wa kunywea asali ya maua. Ukikuta mwenye madoa mawili makubwa kama macho karibu na kichwa, ambaye ukimgusa huvuta kichwa ndani na kuvimbisha shingo mpaka afanane na nyoka mdogo, huyo ni wa ukoo huohuo, na macho yale ni mchoro mtupu.

Kwenye nyanya, viazi mbatata au mkinda ulioota uani, anaweza kuwepo mkubwa kuliko wote, anayefikia sentimita kumi na mbili, njano au kijani, michirizi ya samawati au zambarau mbavuni, na pembe iliyojikunja na yenye vinundu. Akiwa nondo hubeba mgongoni mchoro unaofanana na fuvu la mtu, na ukimshika hulia kwa sauti kama panya. Wafugaji wa nyuki wa Kitui na Makueni wana sababu ya kumfahamu: usiku huingia mizingani kuiba asali. Ukimkuta mzingani amekufa, sasa unajua alianzia wapi.

Mwenye manyoya usimshike

Hapa nazungumza kwa uchungu wa mkono wangu. Niliwahi kumtoa mmoja kwenye mgunga, ule tunaouita muaa kwa Kikamba, kwa vidole vitupu kwa kuwa alionekana mpole kama kipande cha blanketi. Mkono ulivimba siku mbili. Neno kiwavi lenyewe kwenye kamusi lina maana ya pili, mmea unaowasha, na waliompa mdudu jina hilo walikuwa wamemgusa.

Kanuni yangu tangu siku hiyo ni kutumia kijiti kwa kila mwenye manyoya, mashungi au vichaka vya miiba mifupi, hata awe mdogo vipi. Akikupata, usisugue. Bandika seloteipu mahali hapo uivute, mara kadhaa, ing'oe vinywele, ndipo uoshe kwa sabuni na maji baridi. Vikiingia jichoni, nenda hospitali bila kungoja.

Yule wa mgunga aliyenichoma ni Gonometa postica. Anasuka kifukofuko kigumu chenye manyoya yaleyale yamefumwa ndani yake, ambacho utakikuta kimeshikamana na tawi muda mrefu baada ya mwenyewe kuondoka. Wachungaji wengi hukipita. Lakini kule Mwingi, Kitui, ICIPE iliwafundisha wanakijiji kukusanya vifukofuko hivyo vitupu na kuvigeuza hariri ya porini, nguo ya bei, kutokana na mdudu ambaye ungependa kumchoma moto. Kwa hiyo ukiwa huna mazao chini ya mgunga huo, mwache.

Sura haisemi kweli sikuzote. Mmoja wa viwavi wa kutisha kuliko wote katika miti ya porini ni mweusi kama mkaa, amejaa miiba mirefu ya rangi ya maziwa, na ubavuni ana nukta nyekundu kama makaa yanayowaka. Ni Bunaea alcinoe, na miiba ile haiwashi. Kongo wanamla. Hapa Wote sijaona anayethubutu.

Akikataa kutambulika

Wapo watakaokushinda. Mimi hunishinda mara nyingi. Hapo fanya kama mtu mwenye subira: mlee. Chukua mkebe wa Blue Band, utie udongo laini wenye unyevu kiasi cha vidole vitatu, kwa kuwa wengi hujizika kabla ya kuwa pupa. Funika kwa kitambaa cha neti ufunge kwa mpira. Kila asubuhi mpe jani bichi la mmea uleule uliomkuta nao. Jani la mmea mwingine anaweza kulikataa afe. Toa kinyesi, usiache maji yatuame, na usiweke mkebe juani hata kidogo, kwa jua la Wote utakuwa umempika. Mmoja kwa kila mkebe, kwa sababu niliyokwisha kuitaja ya kulana. Kiwavijeshi vamizi hukaa pupa kwa muda wa wiki moja hadi mbili katika joto kama letu, kisha hutoka nondo wa kijivu na kahawia, na dume lake lina baka jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Mara nyingine badala ya nondo hutoka nzi au nyigu. Usiudhike, hilo nalo ni jibu: maadui zake wako shambani mwako.

Picha zinasaidia zikipigwa vizuri. Piga tatu: mgongo wote, uso kwa karibu, na ubavu. Weka pembeni sarafu ya shilingi ishirini ili ukubwa ujulikane. Usipige akiwa mkononi ukitetemeka, na usitume picha moja yenye ukungu ukategemea miujiza. Kwenye simu kuna programu iitwayo Nuru, ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State kwa kushirikiana na FAO, inayoongea Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti. Elekeza kamera kwenye jani la mhindi na itakuambia kama jeraha ni la kiwavijeshi vamizi. Angalia, inasoma jeraha, haisomi uso wa mdudu. Kazi ya uso na mkia bado ni yako.

Ukimpeleka kwa afisa wa kilimo wa wadi, mpeleke akiwa hai. Afisa atataka kujua alikuwa kwenye mmea gani, mlikuwa na wangapi kwa kila mimea kumi, na ilikuwa tarehe gani. Andika hayo kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ukitie ndani ya mkebe. Penseli, si kalamu ya wino; udongo una unyevu, na wino utafutika kabla bodaboda haijafika Wote.